Kurudia koncheto uliyoizoea: mwongozo wa wiki nane kwa mpiga piano

Ujumbe umefika: tarehe imepangwa, okestra ipo, na koncheto wanayoitaka, yaani utungo wa mpiga piano mmoja pamoja na okestra, ni ile uliyoipiga miaka sita iliyopita. Moyo unatulia. Unakaa kwenye piano, vidole vinaondoka vyenyewe, na baada ya kurasa tatu unajiambia kwamba wiki mbili zitatosha. Hapo ndipo nataka nikushike mkono kwanza.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Kilichosahaulika hakinitishi, kwa sababu kinajitangaza chenyewe: kidole kinakwama, unafungua nota, unajifunza tena. Ninachokiogopa ni kile ambacho vidole vinakikumbuka bila kukuuliza. Nota uliyoisoma vibaya ukiwa mwanafunzi, mwendo ulioukimbiza kwa woga katika onyesho la kwanza, pedali uliyoikanyaga ili kuficha ukavu wa ukumbi ambao hutaingia tena maishani mwako. Vyote hivyo vimehifadhiwa pamoja na muziki, na vitarudi pamoja nao usipovichuja.

Mwongozo huu ni wa wiki nane. Mfano nitakaoutumia ni Koncheto ya 4 ya Beethoven, ya G meja, Opus 58, kwa sababu ndiyo niliyoirudia mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Ina sehemu tatu na inachukua kama dakika 34. Hatua zenyewe zinafaa kwa koncheto yoyote.

Tuelewane maneno kwanza. Ninaposema kipimo, nina maana ya kile chumba cha nota kilicho kati ya mistari miwili ya wima. Kishada ni nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. G meja, E mina na kadhalika ni majina ya funguo, yaani jamii ya nota ambayo muziki unaiegemea. Mwongozaji ni yule anayesimama mbele ya okestra.

Hatua ya 1: Siku mbili bila kugusa piano

Tafuta nakala mpya ya nota, safi, isiyo na alama hata moja ya penseli. Ile ya zamani, iliyochakaa pembeni na kujaa maandishi yako, ifunge na uiweke kabatini. Utaihitaji, lakini si sasa. Ukianza na nakala ya zamani utasoma maamuzi yako badala ya kumsoma mtunzi.

Halafu chukua nota kamili za okestra, zile anazotumia mwongozaji, usome koncheto yote kwenye kiti cha kawaida, kalamu mkononi. Kila ukurasa jiulize: ninapopiga hapa, ni nani mwingine anapiga? Katika koncheto hii maswali hayo yana majibu matamu. Sehemu ya pili, ya E mina, haina chombo kingine chochote ila piano na vyombo vya nyuzi. Tarumbeta na timpani, zile ngoma kubwa za okestra, hazisikiki kabisa mpaka sehemu ya tatu. Na humo kwenye sehemu ya tatu, piano inapouchukua wimbo mkuu kwa mara ya kwanza, chini yake kuna selo moja tu, chombo cha nyuzi chenye sauti nzito, inayotembea nayo. Niliipiga koncheto hii mbele ya watu mara mbili kabla ya kuisikia ile selo. Masikio yangu yalikuwa kwenye mkono wa kulia muda wote. Mara ya tatu nilikuwa nimeisoma kwenye karatasi, nikaitafuta, na pale ambapo zamani nilikuwa nakimbia nikajikuta natembea na mtu.

Hatua ya 2: Piga mara moja, rekodi, usitengeneze chochote

Siku ya tatu kaa kwenye piano, washa kinasa sauti cha simu, upige mwanzo hadi mwisho bila kusimama. Ukikosea endelea. Ukipotea kabisa, ruka hadi mahali unapopajua. Hii ni picha ya hali ilivyo, wala si mazoezi.

Sikiliza rekodi hiyo jioni, nota safi zikiwa mbele yako, na utie alama za aina tatu. Duara pale ulipojikwaa. Mstari pale ulipopita salama lakini muziki hauna uhai, unasikika kama mtu anayesoma shairi alilolikariri shuleni. Pembetatu pale ulipopita salama bila kujua umepitaje.

Pembetatu ndizo muhimu kuliko zote, na ndizo ngumu kuziona, kwa hiyo zinahitaji jaribio lake. Simamisha rekodi popote. Taja kwa mdomo nota inayofuata ya mkono wa kushoto. Kama huwezi kuitaja, pale umevushwa na vidole, na kichwa hakikuwepo. Katika rekodi yangu ya mwisho maduara yalikuwa tisa na pembetatu zilizidi arobaini. Mtu akisikiliza rekodi ile angesema niko tayari kwa onyesho.

Hatua ya 3: Polepole, wiki tatu nzima

Kumbukumbu ya vidole hufanya kazi kama mnyororo: tendo moja huliita lingine. Kwa mwendo wa kawaida mnyororo huo hukimbia haraka kuliko fikra. Ukipunguza mwendo hadi nusu, au chini ya nusu, unakatika, na kilichobaki mkononi ndicho unachokijua kweli. Ndiyo maana wapiga piano wengi hukuta kwamba kipande wanachokipiga vizuri kwa kasi huwashinda polepole. Usikwepe aibu hiyo. Weka metronomu, kile kifaa kinachogonga mwendo, piga kila ukurasa kwa mwendo ambao unaweza kuitaja kila nota kabla hujaibonyeza.

Angalia pia namba za vidole. Mkono wako si ule wa miaka sita iliyopita. Labda umepanuka, labda umekuwa mgumu kidogo, labda umejifunza njia nyingine za kupita kidole gumba. Pale unapokwama mara tatu mahali palepale, usirudie mara ya nne. Badilisha kidole, andika namba mpya, na kuanzia hapo usiiache. Vidole viwili tofauti kwa nota moja, leo hiki kesho kile, ni mlango wa kupotea jukwaani.

Nataka nikae kidogo kwenye vipimo vitano vya mwanzo, maana mpiga piano anayerudi huko ndiko anakopita bila kuangalia. Ni rahisi mno kwa vidole. Piano inaanza peke yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida enzi hizo: kishada cha G meja, kwa sauti ndogo na tamu, kisha vishada vinavyorudiwa kwa upole, kisha okestra inajibu kutoka mbali, kwa B meja, kana kwamba imesikia swali kutoka chumba kingine. Hakuna kasi ya kujificha nyuma yake. Ukumbi mzima umenyamaza na unasikiliza kishada kimoja.

Fanya hivi. Weka vidole juu ya vibonye vyote vya kishada bila kubonyeza. Sikia kwamba vyote vimeguswa. Kibonye cha piano hushuka kama milimita 10 tu, na sauti inazaliwa kabla hakijafika chini kabisa, kwa hiyo uamuzi wote unafanyika katika nafasi isiyozidi upana wa kidole. Egemeza uzito kidogo kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia, kinachoshika nota ya juu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoimba. Nyingine zote zinaisindikiza. Sasa shusha mkono pamoja na pumzi. Vishada vinavyorudiwa usiviinue hadi juu. Piano kubwa za kisasa zina mtambo unaoruhusu nyundo kupiga tena kabla kibonye hakijarudi chote; Sébastien Érard aliupatia hataza mwaka 1821, miaka 13 baada ya koncheto hii kuonyeshwa hadharani, kwa hiyo Beethoven hakuwa nao. Wewe unao. Baki karibu na kibonye, na vishada vitaungana kama silabi za neno moja.

Kila siku, kabla ya kitu kingine chochote, nipige vipimo hivyo vitano mara moja tu kwa mikono iliyo baridi. Hilo ni sharti nililojiwekea, kwa sababu jukwaani sitapewa mara ya pili.

Mwishoni mwa wiki ya tatu fungua kabati, utoe nakala ya zamani. Zilinganishe ukurasa kwa ukurasa. Baadhi ya alama zako ni hazina: pumzi uliyofundishwa na mwalimu, rangi ya sauti uliyoigundua usiku mmoja. Zihamishe. Nyingine ni plasta za vidonda vilivyokwisha kupona, kama "polepole hapa!" mahali ambapo sasa hupati shida yoyote. Ziache zilipo.

Hatua ya 4: Njia panda na vituo

Wiki ya nne na ya tano ni za kumbukumbu, nami nitaanza na lililonikuta.

Ilikuwa sehemu ya tatu, ile rondo, yaani muziki ambao wimbo wake mkuu hurudi tena na tena. Wimbo wake wa pili unakuja kwanza kwa D meja, na baadaye unarudi kwa G meja. Njia ya kuufikia inafanana sana mara zote mbili, kisha inagawanyika. Niliufikia mgawanyiko ule nikiwa na furaha, nikifikiria jinsi onyesho linavyokwenda vizuri, na mikono ikashika njia ya D. Okestra ikashika ya G. Nakumbuka baridi iliyonishuka mgongoni, na uso wa mwongozaji ukigeuka taratibu. Niliinua mikono. Vipimo viwili vilipita bila piano. Kisha nikakumbuka mahali pa mbele nilipopajua vizuri, nikasubiri, nikaingia. Wengi ukumbini hawakutambua, lakini mimi na wanamuziki sitini tulitambua.

Tangu siku hiyo siipeleki koncheto jukwaani kabla ya kuandika orodha ya njia panda zake zote: kila mahali ambapo muziki uleule unaelekea pawili. Ziandike kwenye karatasi moja, mara ya kwanza upande wa kushoto, mara ya pili upande wa kulia, na pigia mstari ile nota ya kwanza inayotofautiana. Nota moja tu. Kisha zipige zikifuatana, ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, mpaka ukiamshwa usiku uweze kusema ipi ni ipi. Katika koncheto hii usisahau kurejea kwa wimbo wa mwanzo katikati ya sehemu ya kwanza: ulioanza kwa unyenyekevu sasa unarudi kwa nguvu nyingi, na mkono uliozoea upole unaweza kusitasita pale.

Baada ya hapo weka vituo. Kituo ni mahali unapoweza kuanzia wakati wowote bila kupitia kilichotangulia. Mimi huweka kati ya 20 na 25 kwa koncheto nzima, navipa namba, naandika kila namba kwenye kipande cha karatasi, na kuvitia kwenye bakuli. Kila asubuhi natoa vitano bila kuangalia na kuanzia pale pale, bila nota. Siku nyingine naanza kituo cha mwisho na kurudi nyuma hadi cha kwanza. Ukipotea jukwaani unachohitaji ni kujua kituo kinachokuja. Kutafuta ulikotoka kutakupotezea muda ambao okestra haitakupa.

Na usisahau mkono wa kushoto peke yake, kwa kichwa. Ni zoezi la kuchosha na hakuna anayelipenda. Lifanye.

Hapa kuna uamuzi wa kufanya mapema: utapiga kwa kichwa au kwa nota? Desturi ya kupiga bila nota si ya kale sana. Wapiga piano Liszt na Clara Schumann ndio walioieneza katika karne ya 19, na Clara alilaumiwa na baadhi ya watu wa wakati wake kwamba anajionyesha. Wapiga piano Myra Hess na Sviatoslav Richter, katika miaka yao ya baadaye, walipiga na nota mbele yao na hakuna aliyesema walipungukiwa. Kama utatumia nota, amua sasa, na uanze kufanya mazoezi nazo sasa, pamoja na mtu wa kugeuza kurasa au kifaa chako na pedali yake. Kinachoharibu maonyesho ni kubadili uamuzi siku tatu kabla.

Wengine hujipa moyo kwa kisa cha mpiga piano Maria João Pires kule Amsterdam, ambapo okestra ilianza koncheto ya D mina ya Mozart naye alikuwa amejiandaa kwa koncheto nyingine. Alishtuka, uso ulionyesha, na bado aliipiga. Kisa hicho ni cha kweli na kinanitoa machozi kila nikikitazama. Lakini kinaonyesha kazi ya miaka mingi iliyotangulia, na hakimpi mtu ruhusa ya kuja bila kujiandaa.

Hatua ya 5: Okestra ni nusu ya koncheto

Wiki ya sita tafuta mpiga piano mwenzako apige sehemu ya okestra kwenye piano ya pili. Kama hakuna, tumia rekodi, ingawa rekodi haikusikilizi wala haikusubiri. Piga naye koncheto nzima angalau mara tatu, na mara moja mbadilishane: yeye awe piano, wewe uwe okestra. Utashangaa ni mangapi ulikuwa unadhani ni mapumziko yako kumbe ni maneno ya mtu mwingine.

Jifunze kukaa kimya. Baada ya vipimo vile vitano vya mwanzo, piano hunyamaza kuanzia kipimo cha 6 na kuingia tena kipimo cha 74. Ni kama dakika mbili na nusu za kukaa mbele ya watu bila kufanya kitu, ukiwa umeshaanza. Mikono inapoa, akili inaanza kuzurura, na mpiga piano aliyezoea koncheto ndiye anayezurura zaidi kwa sababu anajua kila kinachokuja. Nimepata dawa mbili. Ya kwanza, fuata besi ya okestra kwa kuimba kimoyomoyo, kila nota. Ya pili, weka mikono mapajani, viganja chini, na usiipeleke kwenye vibonye mpaka vipimo vinne vya mwisho. Fanyia mazoezi ukimya huo nyumbani pamoja na rekodi, ukiwa umekaa hivyo hivyo.

Kuna pia suala la umbali. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Mpiga timpani aliye mita 10 nyuma yako unamsikia amechelewa kwa karibu milisekunde 30. Ni kidogo, lakini kwenye rondo yenye mwendo mkali inatosha kukufanya uone okestra inaburuta. Ukiifuata sauti, nawe utachelewa, nao watakusikia umechelewa, na mwendo utazama. Pale ambapo nota zenu zinapaswa kulia kwa pamoja, fuata kijiti cha mwongozaji au upinde wa kiongozi wa fidla, kwa macho. Masikio yaachie rangi ya sauti.

Sasa kadenza, yaani pale okestra inaponyamaza na kukuacha peke yako. Beethoven mwenyewe aliandika kadenza kwa ajili ya koncheto hii, zaidi ya moja, na Clara Schumann aliandika zake. Kurudi kwenye koncheto ni nafasi nzuri ya kubadilisha kadenza. Mimi nilifanya hivyo mara ya tatu na ilinifungulia sehemu nzima ya kwanza upya. Ila uamue katika wiki ya pili, usingoje ya sita. Na mlango wa kutokea kwenye kadenza uufanyie mazoezi kuliko kuingilia. Unapokaribia mwisho, mwongozaji anasubiri dalili. Kama mtetemo wako wa nota mbili unarefuka leo na kufupika kesho, okestra itaingia kwa kubahatisha.

Hatua ya 6: Piga mbele za watu

Wiki ya saba, mara tatu, kwa marafiki watatu au wanne. Vaa viatu utakavyovaa jukwaani, maana soli nene hubadilisha pedali, na koti kama lina mikono inayobana. Usipashe mikono moto kwa muda mrefu. Ingia, kaa, piga, usisimame kwa lolote. Halafu usiwaulize "ilikuwaje?" kwa sababu watakusifu. Waulize ni wapi walichoka kusikiliza. Mahali hapo mara nyingi ni pale ulipotia mstari katika hatua ya pili.

Katika wiki hizi zote, mwili. Dakika 25 au 30, kisha simama, tembea, nyoosha mabega. Maumivu yakija kwenye kifundo au mkono wa mbele, acha siku hiyo, na yakirudi kesho yake nenda kwa mtaalamu. Nimeona wenzangu wakipoteza mwaka mzima kwa kulazimisha wiki moja.

Hatua ya 7: Mwongozaji, kisha mazoezi ya pamoja

Omba dakika 40 na mwongozaji kabla ya okestra kukaa. Usimpigie koncheto nzima. Nenda na orodha fupi: mwendo wa kila sehemu, ukiupiga na si kuueleza, jinsi utakavyotoka kwenye kadenza, pale utakapovuta pumzi, na muda utakaouacha kati ya sehemu ya pili na ya tatu, kwani katika koncheto hii rondo inafuata bila kusimama. Msikilize na yeye. Huenda ameifanya na wapiga piano kumi, na ana jambo ambalo hukulifikiria.

Mazoezi na okestra huwa machache, mara nyingi mawili, na wanamuziki wana kazi nyingine katika programu. Tarehe 22 Desemba 1808, koncheto hii ilipopigwa hadharani kwa mara ya kwanza kwenye Theater an der Wien mjini Vienna, Beethoven mwenyewe akiwa kwenye piano, programu ilichukua kama saa nne katika ukumbi wenye baridi kali. Fantasia yake ya kwaya, iliyofunga usiku huo, ilivurugika njiani kwa kukosa mazoezi, ikabidi isimamishwe na kuanzwa tena. Kwa hiyo katika mazoezi usiwapotezee muda kwa makosa yako binafsi. Ukikosea nota, endelea. Ukisimamisha, simamisha kwa jambo la pamoja, na litaje kwa namba ya kipimo.

Fika mapema uzungumze na piano kabla ya watu. Piano ya ukumbini ina tabia zake, na rafiki yako mkubwa siku hiyo ni fundi wa piano. Muulize nota ya A imewekwa kwenye herzi 440 au 442, kwa sababu obo, chombo cha kupuliza, na wenzake watajipima kwa piano hiyo. Rekebisha kiti, hesabu mizunguko ya vishikio vyake, uandike.

Kisha jaribu pedali ya kushoto kwa uangalifu mkubwa. Karibu sehemu yote ya pili Beethoven aliitaka pedali hiyo. Kwenye piano ndefu, ukiikanyaga, mtambo wote unasogea kidogo upande wa kulia, na nyundo zinazopiga nyuzi tatu sasa zinapiga mbili. Lakini kuna zaidi ya hesabu ya nyuzi. Nyundo imevikwa sufu iliyoshindiliwa, na nyuzi huichimbia mifereji kadiri inavyopigwa. Ikisogea, sufu laini isiyo na mfereji ndiyo inayogusa uzi, na sauti inakuwa kama imefunikwa kitambaa. Kwenye piano moja tofauti hiyo ni ndogo mno, kwenye nyingine sauti inaanguka shimoni. Kanyaga nusu, robo, yote. Omba mtu akae safu ya mwisho akuambie anasikia nini, kwa sababu wewe uliye juu ya nyuzi huwezi kujua. Ukiona pedali inachubua sauti, mwambie fundi asubuhi, asije akaambiwa jioni.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Asubuhi piga polepole, kurasa chache, na vituo vitano kutoka kwenye bakuli. Usipige koncheto nzima. Kula mapema. Lala nusu saa kama usingizi unakuja. Kama hauji, lala chini tu.

Nyuma ya jukwaa mikono itakuwa baridi, ipashe kwa maji ya uvuguvugu na glavu. Wazo la "hiyo sehemu ya njia panda" litakuja, kwa hiyo liwe na jibu tayari: taja ile nota moja uliyoipigia mstari. Kisha uimbe kimoyomoyo mwendo wa kipimo cha kwanza, kabla hujatoka, ukiwa umesimama, kwa sababu moyo unaodunda jukwaani hukudanganya kuhusu mwendo.

Toka, wasalimie, mpe mkono kiongozi wa fidla, kaa. Gusa kiti hata kama kiko sawa. Kinakupa sekunde kumi. Weka vidole juu ya kishada cha G bila kubonyeza, usikie kwamba vyote vimeguswa, vuta pumzi, na ushushe mkono.

Usiku huohuo

Kabla ya kulala, hata kama umechoka na simu inalia, fungua ile nakala uliyoianza safi wiki nane zilizopita. Kwenye ukurasa wa nyuma andika tarehe, aina ya piano, mwendo wa kila sehemu kama ulivyotokea kweli, kadenza uliyotumia, vidole ulivyobadilisha, na mahali ambapo ulikaribia kupotea, pamoja na kilichokuokoa. Andika pia kitu kimoja ulichokisikia leo ambacho hukuwahi kukisikia. Mara ya mwisho mimi niliandika: "Obo, sehemu ya kwanza, baada ya kadenza. Anapumua pamoja nami. Mtafute tena." Kisha irudishe kabatini, na siku ujumbe mwingine utakapofika, nenda ukanunue nakala safi.